Kolwezi: bei ya kobalti imepanda, nani anamlinda mchimbaji?

Tarehe 22 Februari 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Madini yalikuwa yamejaa sokoni na bei imeshuka hadi karibu dola 21,000 kwa tani. Tangu 16 Oktoba, katazo hilo liligeuzwa kuwa mgao: tani 18,125 kwa miezi ya mwisho ya 2025, kisha tani 96,600 kila mwaka kwa 2026 na 2027. Kufikia mwisho wa 2025, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Kwa Kinshasa, huo ni ushindi. Kolwezi, hesabu ni nyingine.

Kampuni kubwa ikizuiwa kuuza kobalti, bado inauza shaba, maana yote mawili hutoka katika jiwe moja. Pia ina maghala ya kungojea bei nzuri. Mchimbaji wa mikono anauza mfuko wake siku ileile. Mnunuzi akishusha bei asubuhi, chakula cha nyumbani kinapungua jioni.

Lualaba imeshayaona haya. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines, ikiwa hoi kwa madeni, iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Uliitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa ya mara moja, lakini kazi nyingine haikuwepo. Pesa ilipokwisha, wengi waliingia mashimoni, wao au watoto wao.

Hatari ya mashimo hayo haijaisha. Tarehe 15 Novemba 2025, daraja la kujitengenezea lilivunjika katika machimbo ya Kalando na kuua watu wasiopungua 32. Serikali ya jimbo ilisema watu waliingia kwa nguvu licha ya katazo. Lakini katazo peke yake halijazi sufuria.

Njia halali nayo inakwenda polepole. Entreprise Générale du Cobalt iliundwa mwaka 2019 ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wa mikono. Ni Novemba 2025 ndipo ilipoonyesha tani 1,000 za kwanza zinazojulikana zilikotoka.

Pesa ya kuwasaidia watu ipo katika sheria. Chini ya kanuni ya madini ya 2018, kobalti inalipiwa mrabaha wa asilimia 10. Katika mrabaha huo, asilimia 25 ni ya jimbo, 15 ni ya komini au sheferi yenye mgodi, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani.

Tatizo ni kwamba pesa hii hufuata mauzo. Madini yakisimama mpakani, nayo inapungua, wakati huohuo raia wanapoihitaji zaidi. Kwa hiyo miezi hii ya bei nzuri ndiyo ya kuweka akiba, kufungua maeneo halali ya uchimbaji na kuwafundisha vijana ufundi usiotegemea shimo.

Muda si mrefu. Magari mengi ya umeme ya China tayari yanatumia betri zisizo na kobalti. Safari ijayo, huenda atakayefunga mlango ni mnunuzi, wala Kinshasa haitakuwa na amri ya kuufungua.