Koliflawa na Likizo Yetu

Bustani nyingi za seminari na parokia zilizo nyanda za juu hulima chainizi, mchicha na kabichi. Koliflawa ikitajwa, jibu huwa moja: "Hapa haikubali." Mimi naona inakubali. Kinachokataa ni ratiba yetu.

Koliflawa ni spishi moja na kabichi, sukuma wiki na brokoli, ila tabia zao hazifanani. Tunachokula kwenye koliflawa ni machipukizi ya maua yaliyoshikamana kabla hayajachanua. Kichwa hicho hufunga vizuri katika nyuzi joto 15 hadi 20 hivi. Joto likizidi 25 huchelewa, hulegea, au majani huchomoza katikati yake. Hivyo kipupwe cha Lushoto, Njombe au Mbeya, Juni hadi Agosti, ndio msimu wake. Mbegu zikiwekwa kitaluni mwanzoni mwa Aprili, miche hupandikizwa katikati ya Mei, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, penye samadi iliyooza vizuri na pasipolimwa kabichi karibuni. Aina za muda mfupi huvunwa siku 60 hadi 80 baadaye, yaani Julai na mwanzoni mwa Agosti.

Hapo ndipo penye ugumu. Wakati huo mvua zimekatika na sisi tuko likizo. Mche ukidumaa kwa kiu hutoa kichwa kidogo kama kifungo. Kichwa kikifikia ukubwa wa yai, majani hufungwa juu yake ili jua lisikigeuze njano. Kikikomaa, husubiri siku chache tu kabla ya kufumuka.

Kwa hiyo tunachagua mboga zitakazoiva kabla hatujafunga mabegi. Kwa jikoni ni busara, lakini kwa malezi ni haba. Padre hupangiwa parokia, hupanda, kisha huhamishwa, na anayevuna ni mwingine. Kama si sasa, tutajifunza lini kufanya kazi ambayo matunda yake tutayasikia kwa watu tu?

Wapo watakaosema tumekuja kusoma falsafa, si kilimo. Lakini Aristotle tunayemsoma darasani aliandika vitabu vizima juu ya wanyama. Hakuona haya kuinama na kuchunguza kiumbe kinavyoishi.

Napendekeza tuanze na matuta mawili tu. Sisi tuandae kitalu, tupandikize na tupalilie. Kabla ya kufunga, tuikabidhi bustani kwa jumuiya ndogo ndogo ya jirani, pamoja na karatasi yenye siku za kumwagilia na dalili za kufunga majani. Na mavuno yawe yao kabisa, wale au wauze, wasitutunzie hata kichwa kimoja.

Tutakaporudi tutakuta mashina matupu. Tuyang'oe, tuyatie kwenye mboji, tuwaulize majirani ilikuwaje, kisha tupange tuta la mwakani mahali pengine.