Safari ya Igombe: anzeni na dumu la maji, mpiga picha baadaye



Siku hizi harusi zetu zinavuka bahari. Biharusi wa Unguja anaolewa Usoke, kule Urambo mkoani Tabora, na fungate haijaisha mashemeji wameshatangaza matembezi: twendeni Igombe, bwawani. Tunaunga mkono kwa mikono miwili. Biharusi si chombo cha kufungiwa kabatini, na njia hiyo watu wa visiwani waliipita kwa miguu na misafara yao (si biashara yote ya misafara ile ilikuwa ya kujivunia) kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Tunachopinga ni jinsi matembezi haya yanavyopangwa. Wanaume hupanga gari na nyama. Vijana hupanga mpiga picha. Udhu, choo na sitara vinakumbukwa mkishafika, na anayeumia ni mwanamke: anashinda na kiu ili asibanwe na haja, au sala inampita huku akitafuta pa kujisitiri.

Igombe iko kaskazini ya mji wa Tabora, na Usoke iko magharibi, kwenye reli ya Kigoma. Kwa hiyo mtapita mjini. Hapo ndipo pa kusimama, kwenye msikiti wenye upande wa wanawake, kila mtu amalize haja zake. Mkitoka hapo bebeni dumu la lita 20. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, yaani viganja viwili vilivyojaa, kwa hiyo dumu hilo linawatosha watu 20 na zaidi, mradi asitokee mmoja wa kulimwaga kama yuko bafuni kwake.

Mtu atasema, maji yote yale ya bwawa ya nini? Ni tohara, hilo hatubishani. Lakini sisi watoto wa pwani tumezoea bahari, na maji ya bara yasiyo ya chumvi, yaliyotulia, yana mambo mengine. Kichocho hakiingii kwa kunywa tu. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, na vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile ambazo mpiga picha anamwambia biharusi avue viatu, apandishe gauni kidogo, aingie mpaka kwenye vifundo.

Hili tunalisema wazi kwa sababu wengi wanalionea haya. Kichocho cha mkojo kwa mwanamke hakiishii kwenye kibofu. Mayai yake huweza kukaa kwenye mlango wa kizazi na ukeni, kukaleta maumivu, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, na kikiachwa bila tiba hata ugumba. Dalili hizo hufanana na maradhi ya zinaa. Fikirieni ndoa ya miezi michache, mume anaona damu, mawifi wananong'ona, na biharusi hajui kwamba ni yale maji aliyosimama ili apigwe picha. Tiba ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, lakini humezwa baada ya kujua ugonjwa. Aliyewahi kuingia bwawani, kisha akaona damu kwenye mkojo au nje ya siku zake, amtajie daktari bwawa hilo, asisubiri kuulizwa.

Hatusemi kwamba Igombe ina kichocho kuliko kwingine. Tunasema bwawa lolote la bara mlitazame kwa jicho hilo, na wenyeji muwaulize pia habari za mamba. Kumbukeni vilevile kwamba bwawa hili lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji. Msioshe sufuria humo, wala nepi ya mtoto. Na ruhusa ya kukaa pale iombwe mapema kwa wanaosimamia maji.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni saa. Tabora iko mbali sana magharibi ya Unguja, jua lake linachelewa kwa dakika 25 hivi. Simu iliyobaki na nyakati za Unguja itawaadhinia Magharibi na jua bado mnaliona, na sala kabla ya wakati wake haisihi. Badilisheni mji kwenye programu kabla ya kutoka. Kama mnakwenda Juni au Julai, njia zikiwa kavu, chukueni na masweta: mlima hamtauona, lakini mko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari na jioni baridi inauma.

Mawifi wa Usoke, tunawaomba nyinyi. Biharusi ni mgeni, atakubali kila kitu kwa haya. Mpiga picha akimwita majini, mjibuni nyinyi. Picha ya ukingoni, viatu miguuni na maji nyuma yake, inatoka vizuri tu.