Mahamri kwa simu: ada inamwangukia nani?

Mombasa siku hizi, mteja wa mahamri na mbaazi akishauliza bei, huuliza namba ya kulipia. Muuzaji anayekataa simu huambiwa anafukuza wateja. Anayeikubali analalamika kuwa faida inamponyoka. Wote wawili wana hoja.

Mteja akituma shilingi 100 au chini kwa M-Pesa, hakatwi kitu. Mzigo huja jioni, muuzaji anapotaka taslimu ya unga, nazi na makaa. Kutoa shilingi 500 kwa wakala hukatwa 29. Hayo ni karibu mahamri matatu ya shilingi kumi kumi. Kutoa 2,500 hukatwa 29 hizo hizo. Basi mwenye mtaji mdogo, anayetoa kidogo kidogo kila siku, ndiye anayeumia zaidi. Na Julai 2023 ushuru wa serikali kwa ada hizo ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15.

Tusimlaumu mama anayetaka noti mkononi. Muuza unga na muuza makaa nao wakiweka till, atawalipa bila makato wala kupitia kwa wakala. Mpaka hapo, urahisi ni wa mlaji, gharama ni ya mpishi.