Kusafiri au kulala

Ndugu mwandishi, katika poka umeeleza vizuri kuweka dau baada ya karata tatu za mezani kufunuliwa, lakini umepuuza kupita bila dau. Mimi ni wa Ifakara, nimekulia kwenye bao. Ukila, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba, lile shimo lako la akiba, unachagua: usafiri, yaani uzichote kete zake uendelee kusambaza, au ulale, yaani uishie hapo. Sisi vijana tulikuwa tunasafiri tu. Mzee aliyenifundisha aliishika ile kete, akatazama kwanza mashimo ya upande wangu, ndipo akaiweka taratibu. "Nimelala." Nyumba yake imejaa, na zamu inayofuata ninayehangaika ni mimi.

Poka ni vivyo hivyo. Una kopa nne, unasubiri ya tano: zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona, yaani karata inayofuata inakupa kama mara 19 katika 100. Ukipita na mwenzio akapita, unaiona bure. Kuweka dau kuna maana kama anaweza kutupa karata zake, maana hapo umeshinda hata kopa haijaja. Lakini kwa mtu asiyetupa kamwe, haraka ya nini? Tuandikie na hilo, tafadhali.