Kati ya Kuiga na Kuiba: Ugomvi wa Kampuni za Simu na Dhamiri ya Mnunuzi

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Tanga au Arusha hupita Chalinze, mahali barabara kuu mbili zinapoachana. Basi likisimama tu, vijana hulizunguka wakiinua bidhaa zao hadi dirishani: maji, machungwa, korosho, mananasi ya Kiwangwa, na katikati ya hayo yote chaja, kava za simu na hedifoni. Nyingi ya bidhaa hizo za simu zimeandikwa majina ya kampuni mashuhuri za ng'ambo, ilhali bei yake yatosha kumjulisha kila mwenye akili kwamba kampuni hizo hazikuzitengeneza. Muuzaji analijua hilo, abiria naye analijua, na malipo yanafanyika kabla basi halijaondoka.

Wapo waamini wanaouliza iwapo kununua kitu cha namna hiyo ni dhambi. Wapo pia wanaojibu upesi kwamba matajiri wenyewe wanaigana kila siku, hivyo maskini asisumbuliwe kwa chaja ya shilingi elfu chache. Hoja zote mbili zinastahili kupimwa kwa utulivu. Kwa maoni yetu, tatizo linaanzia katika neno lenyewe. Tunasema "kuiga" tukimaanisha mambo matatu yasiyofanana: kujifunza kwa mwenzako, kunyakua jasho lake, na kumdanganya mnunuzi. La kwanza ni jema, la pili ni dhuluma, la tatu ni uongo. Asiyeyatenganisha atawahukumu wasio na hatia, au atawasafisha wenye hatia.

Wakubwa walipopelekana mahakamani

Mwezi Aprili 2011, kampuni ya Apple ya Marekani iliishtaki kampuni ya Samsung ya Korea Kusini katika mahakama ya shirikisho huko California. Ilidai kwamba simu za Samsung zimenakili umbo la iPhone: uso bapa wenye pembe za mviringo, mpangilio wa alama za programu juu ya kioo, na namna picha inavyoitikia vidole. Samsung nayo ilijibu kwa mashtaka yake, ikidai kwamba Apple inatumia ubunifu wake wa mawasiliano ya simu bila ruhusa. Mashauri yakaenea katika nchi nyingi.

Tarehe 24 Agosti 2012, wazee wa baraza huko California waliamua kwamba Samsung iilipe Apple zaidi ya dola bilioni moja za Marekani. Tarehe hiyohiyo, mahakama ya Seoul ilisema kwamba kila kampuni ilikuwa imeingilia haki za mwenzake. Fidia ya California ikapunguzwa, ikakatiwa rufani, ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2016, kisha ikarudishwa chini. Mwezi Mei 2018 baraza lingine lilitaja kiasi cha dola milioni 539. Mwezi uliofuata pande mbili zikapatana bila kutangaza masharti. Miaka saba ilikuwa imepita.

Katika miaka hiyo yote, Samsung iliendelea kuiuzia Apple vipuri. Simu ya iPhone X iliyotoka mwaka 2017 ilitumia kioo kilichotengenezwa na Samsung. Waliokuwa wakishtakiana mahakamani walikuwa wakiuziana kiwandani. Waswahili husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi; hapa fahali walipigana asubuhi na jioni wakala zizi moja.

Historia inatufundisha zaidi. Mwaka 1979 wahandisi wa Apple walitembelea kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, wakaona kompyuta inayoongozwa kwa vielelezo kwenye kioo na kifaa cha mkononi kiitwacho kipanya. Hawakuingia kama wezi: Xerox iliruhusiwa kununua hisa za Apple. Walichokiona kiliwasaidia katika kompyuta zao wenyewe. Lakini mwaka 1988 Apple ilipoiona Microsoft ikielekea njia hiyohiyo, iliishtaki kwa kunakili, na mwishowe ikashindwa. Aliyejifunza jana kwa jirani leo anajenga ukuta. Hili si kosa la kampuni moja tu. Ni kishawishi cha moyo wa kila mwanadamu aliyefanikiwa.

Hataza ni mapatano

Yafaa tueleze hataza ni nini. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi huo bila ruhusa yake. Kwa kawaida ya kimataifa muda huo ni miaka 20. Naye mvumbuzi, kwa upande wake, hutakiwa kueleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kila mtu akitumie. Kwa hiyo hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii: yeye apate malipo ya jasho lake, jamii ipate maarifa.

Mapatano hayo huharibika kwa njia mbili. Huharibika pale mtu anaponyakua kazi ya mwenzake bila kulipa. Huharibika pia pale mwenye haki anapoigeuza kuwa silaha ya kuwafungia wengine njia, au ya kudai malipo yasiyolingana na kile alichokitoa.

Jambo hili halipo mbali nasi. Simu za Tecno, Infinix na itel, zilizojaa mikononi mwa watu wetu kwa sababu bei yake inavumilika, ni za kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion. Mwezi Julai 2024 kampuni ya Qualcomm ya Marekani iliishtaki Transsion nchini India, ikidai kwamba inatumia hataza zake bila kuzilipia ipasavyo. Hatutoi hukumu juu ya shauri hilo. Tunasema tu kwamba ndani ya kila simu janja mna hataza nyingi za wenyewe wengi, na kwamba mrabaha wa hataza hizo huwa sehemu ya gharama ya kuitengeneza. Mrabaha ukizidi kiasi, mzigo waweza kumfikia mama lishe wa Chalinze ambaye hajapata kulisikia jina la Qualcomm.

Kuiga kulikotujenga

Tuangalie sasa upande wa heri. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Lakini Ufilipino ilikuwa na huduma za fedha kwa simu miaka kadhaa kabla ya hapo. Baada ya M-Pesa, kampuni shindani nchini mwetu zilianzisha huduma zilizofanana nayo, kama Tigo Pesa mwaka 2010. Kama mtu mmoja angeweza kulimiliki wazo lenyewe la kutuma fedha kwa simu, na kuwazuia wengine wote, mkulima wa Lugoba angebaki na mlango mmoja tu wa kupitia na bei moja tu ya kulipa.

Jambo jema zaidi lilifuata. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu nchini zilianza kukubaliana kwamba mteja wa huyu aweze kumtumia fedha mteja wa yule moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia katika mapatano hayo. Walibaki washindani, kila mmoja na jina lake na alama yake, lakini walifungua mlango kati ya nyumba zao. Huko ndiko kuiga tunakokusifu: wazo limeenea, jina la mtu halijaibwa, na mnunuzi hakudanganywa.

Bandia na anayelipa gharama

Bidhaa bandia ni jambo jingine kabisa. Anayetengeneza simu duni na kuibandika jina la kampuni nyingine hajajifunza kitu kwa mwenzake. Ameiba jina lake na kumdanganya mnunuzi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia katika mitandao yote nchini, kama Kenya ilivyokuwa imefanya mwaka 2012. Lengo lilikuwa halali: kuzuia wizi na kuwalinda watumiaji. Lakini tukumbuke ni nani aliyeamka asubuhi akiwa na kifaa kilichokufa mkononi. Hakuwa mwagizaji aliyekwisha kupata faida yake. Mara nyingi alikuwa mtu wa kipato kidogo, aliyenunua kwa nia njema kile alichokimudu, na hakuwa na risiti ya kumrudishia fedha. Katika vita vya wakubwa mlipaji ni huyo. Katika hila za wadogo pia mlipaji ni huyo.

Kanisa linafundisha nini

Amri ya Saba inatukataza kuiba, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaihusisha na kughushi na udanganyifu katika biashara. Inafundisha pia kwamba waliofaidika na wizi kwa kujua wanawajibika kurudisha kadiri ya sehemu yao. Basi jasho la akili nalo ni jasho. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alieleza kwamba katika nyakati zetu kuna umiliki usiopungua thamani ya ule wa ardhi, nao ni umiliki wa maarifa, teknolojia na ujuzi. Lakini yeye huyo, katika Sollicitudo Rei Socialis ya mwaka 1987, alifundisha kwamba kila mali ya binafsi ina deni kwa jamii, kwa maana Mungu aliumba mema ya dunia kwa ajili ya wote.

Papa Benedikto XVI aliyaunganisha mafundisho haya katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, alipozionya nchi tajiri zinazoyalinda maarifa kupita kiasi kwa kung'ang'ania haki za miliki ubunifu, hasa katika masuala ya afya. Afrika inalielewa onyo hilo kwa machozi yake. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, hadi mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilipojitolea kuuza dawa za mfano huo kwa takriban dola 350. Hapo mwenye kuiga aliokoa maisha ya watu.

Hata hivyo, tusiifanye hoja ya dawa kuwa kisingizio cha kila kitu. Uhitaji wa kuokoa uhai si sawa na hamu ya kuonekana na simu yenye alama ya tufaha lililomegwa. Amri ya Kumi inauchunguza moyo kabla mkono haujanyoshwa: je, nakihitaji kifaa hiki, au nalitamani jina lililoandikwa juu yake?

Tufanye nini

Kwa muuzaji: kuuza kava au chaja isiyo na jina kubwa, kwa bei yake halali na kwa kusema ukweli, ni kazi ya heshima. Kuuza bandia kwa jina la halisi ni uongo, hata kama faida yake inalipa ada ya mtoto. Tunajua kwamba kijana anayekimbilia basi si mwenye kiwanda, na dhambi kubwa ipo juu zaidi katika mnyororo huo. Lakini ukweli anao uwezo wa kuusema hata yeye.

Kwa mnunuzi: aliyedanganywa hana hatia. Anayejua na kunyamaza kwa sababu ya bei, huyo ajiulize mbele za Mungu. Ni heri simu ya bei nafuu yenye jina lake la kweli kuliko ya fahari yenye jina la kuibwa. Bonyeza *#06#, soma namba inayotokea, ilinganishe na ya kwenye boksi, udai risiti.

Kwa vijana wabunifu: hapa ndipo suala linapotugusa zaidi. Tuseme fundi wa kuchomelea wa Msata anabuni mashine ndogo ya kukamulia mananasi, naye mwenye mtaji anaitazama, anaondoka, anaitengeneza kwa wingi bila kumpa hata shukrani. Siku hiyo hatutasema tena kwamba kuiga si kitu. Hataza husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na ni muhimu kuomba kabla ya kuonyesha uvumbuzi hadharani, kwa sababu kitu kilichokwisha kujulikana hakihesabiwi kuwa kipya.

Kwa viongozi: chini ya taratibu za Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza kikamilifu mkataba wa miliki ubunifu. Muda huo ni wa kujifunza na kujenga viwanda. Tukiutumia kuingiza bandia tu, utakwisha tukiwa mikono mitupu.

Bagamoyo yetu inayo kumbukumbu inayofaa hapa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868, waliwafundisha watu waliokombolewa utumwani kilimo na ufundi wa mikono. Mwanafunzi alimwiga mwalimu wake, na mwalimu alifurahi, kwa kuwa ndivyo maarifa yanavyozaa. Mungu aliyempa mtu akili ya kubuni ndiye aliyempa jirani yake haja ya kutumia. Tumlipe wa kwanza haki yake, tusimfungie wa pili mlango, na tusimdanganye yeyote kati yao.