BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Karakana ya Nyumbani



Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya karakana. Karakana ni mahali pa kutengenezea vyombo. Ndugu watatu wameniuliza swali moja. Wamesema: "Bwana Shamba, nimehamia hapa kutoka mbali. Vyombo vyangu vya ufundi ninavyo. Nianzeje?"

Swali hili linawahusu wengi. Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapa. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita hapa. Barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapa. Kwa hiyo wageni ni wengi, na mafundi ni wengi kati yao.

Mimi pia nilikuwa mgeni. Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na makosa yangu. Makosa mengine yalinipotezea fedha tu. Kosa moja nusura liniulie mtoto.

SAFARI

Mwaka 2016 nilipata uhamisho kutoka Ifakara kuja Makambako. Tulikuja kwa treni, mimi, mama watoto, watoto, na masanduku mawili ya vyombo. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina. Kutoka Mlimba hadi Makambako inapanda milima na kupita katika mahandaki mengi. Watoto walifurahi sana gizani. Mimi nilikuwa nawaza masanduku yangu.

Ifakara iko chini. Haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko juu ya mita 1,600. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua karibu nyuzi 6. Hayo niliyasoma chuoni nilipokuwa natafuta cheti changu cha kilimo. Lakini kusoma ni jambo moja. Nilipanda treni na shati jepesi. Nilishuka Makambako usiku nikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Kama unasafirisha vyombo, weka vizito chini. Jiliwa, nyundo na koleo zikae chini ya sanduku. Misumeno, randa na patasi zikae juu, na kila chombo chenye makali kifungwe kwa gunia. Paka chuma grisi kidogo kwa sababu ya kutu. Andika orodha ya vyombo vyote, uipigilie ndani ya kifuniko. Ukifika, soma orodha na kuhesabu. Hii ni faida ya kujua kusoma. Mtu hawezi kukuambia nyundo zilikuwa mbili kama karatasi inasema tatu.

Lakini usipake tupa grisi. Mimi nilizipaka, na nyingi. Zilipofika hazikukwaruza chuma, ziliteleza tu. Nilizisugua kwa brashi ya waya na chaki kwa siku mbili.

MEZA YA KAZI

Kitu cha kwanza katika karakana ni meza imara. Mbao hapa kwetu ni nyingi na bei yake si kubwa kama ya mjini Dar es Salaam. Mgeni akiona mbao za mpaini hufurahi na kununua upesi. Mimi nilinunua zilizotoka kupasuliwa wiki ile ile. Kiangazi kilipofika mbao zilikauka, zikapinda, na kati ya ubao na ubao kikapita kidole. Miguu ya meza ikaanza kucheza. Nikaibomoa yote.

Ubao mbichi ni mzito. Ukiuweka shavuni unasikia ubaridi. Kama huna njia ila kununua mbichi, zipange kivulini, uweke vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na uzito juu yake. Ngoja miezi kadhaa. Upepo wa Makambako utakusaidia, maana kwa upepo hatujambo.

Meza iwe na urefu gani? Usipime kwa futi. Jipime mwenyewe. Simama wima karibu na jiliwa, kunja mkono, weka ngumi chini ya kidevu. Kiwiko chako kikigusa mdomo wa jiliwa, urefu unafaa. Ikiwa chini zaidi, mgongo utauma. Ikiwa juu zaidi, tupa haitakuwa na nguvu. Miguu ya meza ikae juu ya mawe bapa, isiguse udongo, kwa ajili ya mchwa na unyevu.

USIKU WA JULAI

Sasa nafika kwenye neno lenyewe.

Karakana yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha stoo kilichoungana na nyumba. Kilikuwa na mlango mmoja na dirisha dogo. Mwezi wa Juni upepo ulipoanza kukata masikio, nililiziba dirisha kwa gunia. Chini ya mlango nikaweka matambara. Nilijiona mwerevu.

Ilikuwa Julai mwaka 2017. Mchana nilikuwa vijijini kwa wakulima, kwa hiyo kazi ya karakana niliifanya usiku. Mkulima mmoja alikuwa ameleta mabomba mawili ya mgongoni. Kijana wangu, mwenye miaka 14, alikuwa akinishikia taa. Nje kulikuwa na baridi kali. Nikawasha jiko la mkaa huko nje, nikangoja moshi uishe na mkaa uwe mwekundu kabisa, kisha nikaliingiza ndani na kufunga mlango.

Baada ya muda kijana akasema, "Baba, kichwa kinaniuma."

Nikamwambia, "Vumilia kidogo, tunamaliza."

Akanyamaza. Mtoto akiambiwa avumilie na baba yake, huvumilia. Mimi pia kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilidhani ni uchovu. Halafu kijana akatapika, na taa ikaanguka. Nikataka kusimama nimshike. Miguu haikunitii. Akili ilijua mlango uko wapi, lakini mwili ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Mama watoto ndiye aliyetuokoa. Chakula kilikuwa kinapoa, akaja kutuita. Tulipokosa kuitika akausukuma mlango. Alimvuta mtoto nje kwanza, kisha mimi. Majirani wakaja. Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, huu ni wivu. Wameona karakana yako." Sikuwa na nguvu ya kumjibu. Kijana alipelekwa hospitali akawekewa oksijeni. Alilazwa siku tatu. Namshukuru Mungu alipona.

Mganga wa hospitali alinieleza taratibu. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu wala haiwashi macho. Ukiivuta huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Basi mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapumua. Nilimwambia kwamba mkaa wangu haukuwa na moshi. Akasema hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa sumu hiyo. Kuweka sufuria ya maji juu yake hakusaidii.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, na usingizi mzito. Mtu hudhani ni malaria. Lakini angalia hivi: kama watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Fungua milango yote. Mtoe aliyelegea nje mara moja. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, na uwaambie kwamba mlikuwa na jiko ndani. Usipowaambia wanaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Nyumba za zamani za nyasi zilipitisha hewa darini. Wazee waliota moto ndani na moshi ukatoka kupitia paa. Sasa tunajenga kwa matofali ya kuchoma, bati na vioo. Ni maendeleo, na mimi mwenyewe nawahimiza watu wajenge hivyo. Lakini nyumba ya sasa inashika hewa kama chupa. Moto wa zamani haufai ndani yake, wala katika karakana, wala katika chumba cha kulala.

Injini ya petroli nayo hutoa sumu ile ile. Kama unatumia jenereta, likae nje, mbali na mlango na dirisha, na waya ndio uingie ndani.

KARAKANA YA SASA

Dirisha nililibomoa nikaweka kubwa lenye wavu. Juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, niliacha matundu ya tofali moja moja. Yanapitisha upepo, ndiyo. Ninavaa koti. Kazi ya mikono naifanya Jumamosi mchana, jua likiwapo.

Moto wa kufulia chuma uko nje, chini ya banda la nguzo nne za milingoti na bati juu, bila kuta. Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Wapangwa na Wakinga waliyeyusha chuma chao wenyewe kabla ya majembe ya dukani kufika.

Mabomba ya mgongoni ni kazi inayokuja kwangu kuliko zote, kwa sababu ya viazi na nyanya. Hapa nina ugomvi na wakulima. Tundu la bomba likiziba, mtu huliweka mdomoni na kulipuliza. Hiyo ni kunywa dawa ya wadudu! Tumia maji na brashi laini, au kijiti cha nyasi. Bomba lolote linaloletwa karakana lioshwe kwanza kwa maji na sabuni, mbali na kisima, na fundi avae glavu.

Pipa tupu lililowekwa petroli usilikate kwa moto wala kulichomelea. Halina petroli, lakini lina mvuke wake, na mvuke hulipuka. Na anayetumia jiwe la kunolea la umeme avae miwani. Sitaeleza zaidi. Jicho halina spea.

Ndugu wanaotaka kujifunza zaidi waulize ofisi ya mkoa ya SIDO. Hilo ni shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, na kazi yake ni kuwasaidia watu kama ninyi.

Wenye plau za ng'ombe nawaomba wazilete mapema. Mvua hapa huanza Novemba, na kila mwaka plau kumi huletwa wiki moja, zote zimekwisha makali, na kila mwenyewe anataka yake leo. Kijana wangu sasa ni mtu mzima, na ndiye anayeshika keekee. Lakini ana mikono miwili tu.

Mwezi ujao nitaeleza jinsi ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za viazi.