Wasiwasi Upewe Saa Yake



Karani wa ofisi ya kilimo huandika mengi katika daftari lake: ekari, magunia, mbegu na dawa za mimea. Lakini kuna kitu kimoja kisichokuwa na safu yake katika daftari, nacho huingia mlangoni na karibu kila mgeni. Kitu hicho ni wasiwasi. Huyu ana barua ya kugawiwa kiwanja lakini hati hajaitia mkononi. Yule mihogo yake imeliwa na tembo wa Shimba Hills. Mwingine ana karo ya watoto, na mvua imekatika mahindi yakingali machanga. Shida hizi ni za kweli, wala sitamwambia mtu kwamba anaota. Ninalosema ni kwamba wasiwasi unatula saa zetu, na mkulima aliyeliwa saa zake amekwisha liwa nusu ya shamba.

Wako watakaonijibu, “Wasiwasi ndiyo akili.” Neno hilo lina ukweli wake, maana asiyehofia njaa hajengi ghala. Lakini yafaa tutenganishe mambo mawili. Kufikiri huanza na swali, kukaishia katika jambo la kutenda. Wasiwasi huanza na swali, ukazunguka, ukarudi kwenye swali lile lile, mithili ya ng’ombe aliyefungwa kwenye mnazi, ambaye huzunguka hata kamba ikaisha, akabaki kichwa kimegusa shina na majani yako mbali naye.

Tutazame hasara yake shambani. Mahindi yataka palizi ya kwanza katika wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, kabla magugu hayajanyang’anya chakula chake. Siku hizo zikipita hazirudi, hata ukalime kwa taa. Tena, tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mkulima hana budi kukagua mahindi yake mara kwa mara: asimame mahali 5, akague mashina 10 kila mahali, ageuze majani na kutafuta mayai na viwavi wadogo, kabla hawajajificha ndani ya moyo wa mmea. Kazi hii haitaki nguvu, yataka macho. Mtu ambaye miguu iko shambani na moyo uko Ukunda akibishana na mwenye deni, hupita juu ya mayai asiyaone.

Hapa Chale tunaye mwalimu wa karibu, naye ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua. Katikati yake ni maji mafu. Mama aendaye mwambani kutafuta pweza hakeshi akiyaogopa maji. Aijua saa yake. Maji yakiwa yamejaa, yeye hupalilia au husuka makuti. Yakipwa, huchukua kijiti chake akashuka. Hawezi kuyaamuru maji, lakini aweza kuipanga siku yake.

Wataalamu nao wamefikia jambo lililo karibu na hilo. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake, huko Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watu wenye wasiwasi mwingi. Waliwafundisha kuuwekea wasiwasi nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale. Ukiwajia wakati mwingine, waliuahirisha hadi saa yake, wakarudisha akili kwenye kazi iliyo mbele yao. Wasiwasi wao wa siku ukapungua. Njia hii haigharimu hata senti moja, nasi twaweza kuifuata hivi:

Kwanza, chagua nusu saa, mfano baada ya alasiri, ukae chini ya mwembe. Isiwe wakati wa kulala, maana mashaka ya kitandani hayana mwisho.

Pili, wasiwasi ukikujia ukiwa na jembe mkononi, uambie, “Saa yako bado.” Kisha rudi kwenye tuta: sikia udongo, tazama jani, vuta pumzi taratibu. Utakuja tena, nawe utarudi tena. Kurudi huko ndiko mazoezi yenyewe.

Tatu, saa yake ikifika, andika kila shida, na mbele yake uandike hatua moja na siku yake. Ikiwa ni hati, andika siku ya kwenda ofisi ya ardhi pamoja na barua zako. Ikiwa ni tembo, andika siku ya kupeleka habari, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia ya mazao. Isiyokuwa na hatua, kama mvua, iachie Mungu na uende ukaoge.

Hapa nataka nieleweke vema. Utulivu si kunyamaza. Mtu akikuambia “tulia” ili usiulize habari za kiwanja chako, huyo hakufundishi utulivu, anakulaza. Aliyetulia ndiye aulizaye vizuri, kwa sababu amekuja na karatasi zake na maneno yake yamepangwa. Nasi tukaao nyuma ya meza tuna wajibu wetu: karani amwambiaye mkulima “njoo kesho” bila kumpa saa wala sababu, ampandia wasiwasi shambani kwake.

Tena shida nyingine ni nzito kwa mtu mmoja. Huko Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza mjini Harare kuwafunza akina nyanya 14 kukaa na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua shida moja ya kuanza nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa. Sisi benchi tunalo, na wazee wenye masikio tunao. Na jirani asiyelala wala kula kwa siku nyingi, asiachwe peke yake. Asindikizwe hospitali, kama tumsindikizavyo mgonjwa wa malaria.

Basi, ndugu zangu, tuanze jioni ya leo kwa karatasi moja na kalamu. Kesho asubuhi, umande ukikauka, magugu yatukute tumekwisha fika.